Hesabu ya Meza: Utaalamu wa Mwandishi katika Maandishi ya Kamari

Katika uhakiki wetu wa fasihi, kamari imezoeleka kuwa ishara tu. Mhusika akionyeshwa ameketi mbele ya karata, msomaji hujua papo hapo kwamba nyumba itauzwa, mke atarudi kwao, na ukurasa wa mwisho utamkuta mchezaji ama jela ama kaburini. Mhakiki naye huandika "upotovu wa maadili" pambizoni, akaendelea na dhamira nyingine. Hakuna anayeuliza karata zile zilikuwa za mchezo gani, dau lilikuwa kiasi gani, nani aligawa na nani alikata. Makala haya yanadai kwamba maswali hayo, ingawa yana harufu ya kijiweni, ni maswali halali ya kihakiki. Na kwamba maandishi ya kamari, yawe shairi, riwaya au makala ya gazetini, hayana budi kupimwa kwa kigezo ambacho hatujakitumia vya kutosha. Kigezo chenyewe ni iwapo mwandishi anaijua hesabu ya mchezo anaouandikia.

Kwa "hesabu ya mchezo" hatumaanishi msamiati. Mwandishi yeyote anaweza kukaa alasiri moja na wacheza kamari akatoka na maneno ishirini, akayatapanya katika kurasa zake kama pilipili manga juu ya pilau. Wala hatumaanishi kwamba ni lazima mwandishi awe amewahi kucheza. Tutaona kwamba mmoja wa mabingwa wakubwa wa uandishi huu alikuwa kadhi. Tunamaanisha kujua jinsi mchezo unavyogawa hasara: nani hulipa, nani hulipwa, na fungu lipi hubaki kwa mwenye meza hata siku ambayo wachezaji wanadhani bahati ni yao.

Suala la ujuzi wa mwandishi ni kongwe. Katika Ion, Plato anamkutanisha Socrates na mghani anayejisifu kwamba hakuna amjuaye Homer kuliko yeye. Socrates anamuuliza: pale Homer anapoeleza namna ya kuendesha gari la farasi, nani atajua vyema zaidi kama amesema sawa, mghani au mwendeshaji wa gari? Mghani analazimika kukubali kwamba ni mwendeshaji. Aristotle alikuja baadaye kumwokoa mshairi. Katika sura ya 25 ya Poetics anatofautisha kosa la sanaa yenyewe na kosa la kando. Mchoraji asiyejua kwamba kulungu jike hana pembe, asema, ana kosa dogo kuliko yule aliyemchora hata asitambulike. Utetezi huu umewafaa waandishi wengi wavivu. Daktari wa riwayani akitoa dawa isiyofaa, tunasamehe. Nahodha akikosea upepo wa kusi na kaskazi, wasomaji wa Lamu watacheka lakini hadithi itasonga mbele.

Tunadai kwamba utetezi wa Aristotle haufiki kwenye kamari. Dawa na upepo ni vitu vilivyomo ndani ya hadithi. Kanuni ya mchezo ni kitu kinachoijenga hadithi. Mchezo una mwanzo, taharuki, kilele na mwanguko wake, na mpangilio huo umekwisha kuwekwa na kanuni kabla mwandishi hajashika kalamu. Akikosea kanuni, amekosea msuko. Pembe za kulungu, kwa mfano huu, ndizo kulungu mwenyewe.

Mishale kumi

Neno letu "kamari" limetoka katika Kiarabu, na Waarabu wa kabla ya Uislamu walikuwa na aina mahususi ya kamari iliyoitwa maysir. Walichinja ngamia, wakagawa nyama mafungu 10, wakaweka mishale kumi katika mfuko. Mishale saba ilikuwa na mafungu, kuanzia mmoja uitwao al-fadhdh wenye fungu 1 hadi al-mu'alla wenye mafungu 7. Mitatu ilikuwa mitupu. Mshale ukitoka, mwenyewe huchukua idadi yake ya mafungu. Mafungu 10 yakiisha, mchezo umekwisha, na wale ambao mishale yao imebaki mfukoni hulipa gharama ya ngamia. Nyama yenyewe aghalabu iligawiwa wahitaji, hasa msimu wa njaa, na ndiyo maana washairi wa zama hizo, Labid miongoni mwao, huutaja mchezo huu kwa fahari na si kwa haya.

Sasa tumwangalie Imru' al-Qays, mshairi wa karne ya 6, ambaye Mu'allaqa yake ina ubeti unaoyahusisha macho ya mpenzi anayelia na mishale miwili na moyo uliokatika vipande. Mhakiki asiyejua maysir ataona hapo sitiari iliyochakaa: jicho ni mshale, moyo umechomwa. Usomaji huo upo katika sherehe za kale na hauwezi kukataliwa. Lakini baadhi ya washereheshaji walitoa usomaji wa pili. Mishale miwili, walisema, ni al-mu'alla wenye mafungu 7 na al-raqib wenye mafungu 3. Jumla yake ni 10. Moyo wa mshairi ni ngamia aliyechinjwa, na mwanamke huyu, kwa macho mawili tu, ameuchukua wote. Hakubaki kipande cha kugawana na mtu.

Tofauti kati ya usomaji wa kwanza na wa pili si ndogo. Wa kwanza unatupa maumivu. Wa pili unatupa maumivu, umiliki na fedheha ya mwenye kushindwa ambaye, kwa kanuni za mchezo, ndiye anayetakiwa kumlipia ngamia. Na ufunguo wa yote hayo ni kujumlisha saba na tatu. Mshairi hakueleza chochote. Hakutaja majina ya mishale. Aliandika kama mtu anayejua akiwaandikia wanaojua. Hii ndiyo alama ya kwanza ya utaalamu wa kweli: haujitangazi.

Kisha likaja katazo. Aya ya 90 ya Sura ya al-Maida iliharamisha maysir pamoja na ulevi, na baada ya vizazi vichache mchezo ulikuwa umesahaulika ilhali mashairi yalibaki vifuani mwa watu. Wasomi wakajikuta na diwani zilizojaa istilahi za kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Hapo ndipo anapoingia Ibn Qutayba, aliyefariki mwaka 889, mwanafasihi na mwanafikihi aliyewahi kuwa kadhi wa Dinawar. Aliandika kitabu kizima juu ya maysir na mishale yake. Hapana shaka hakucheza hata siku moja. Je, ujuzi wake ulitoka wapi?

Ulitoka katika mashairi yenyewe, na katika hesabu. Al-Asma'i, bingwa wa lugha wa Basra aliyemtangulia, alikuwa amesema kwamba ngamia aligawanywa mafungu 28. Idadi hiyo ina mantiki ya haraka haraka, kwani ukijumlisha moja hadi saba unapata 28, na kila mshale utapata haki yake. Ibn Qutayba aliikataa kwa hoja ambayo kila mwanafunzi wa uhakiki angefaa kuisoma. Kama nyama ni mafungu 28 na mishale yote saba inapata haki yake, basi nani ameshinda na nani ameshindwa? Kila mtu ameondoka na alichokuja nacho. Huo si mchezo wa kamari, ni mgao wa bucha. Ili pawe na kamari hapana budi nyama ipungue kuliko madai, wengine wapate na wengine walipe.

Tunavutiwa na jambo moja katika mabishano hayo. Al-Asma'i alikuwa na lugha kuliko mtu yeyote wa zama zake. Msamiati wa maysir ulikuwa ncha ya ulimi wake. Alichokosa ni swali la nani analipa. Kadhi ambaye mikono yake haikugusa mshale alilikumbuka swali hilo, nalo likamtosha. Na faida yake haikuwa ya mashairi peke yake. Aya ya 219 ya Sura ya al-Baqara inasema kwamba katika ulevi na kamari mna dhambi kubwa na manufaa kwa watu, na dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa. Msomaji wa leo hujiuliza manufaa gani. Baadhi ya wafasiri hutaja, miongoni mwa mengine, ile nyama iliyowafikia maskini. Anayehubiri dhidi ya kamari bila kujua habari ya nyama ameipunguza aya, kwa kuwa amelikemea jambo lisilo na mvuto wowote, na jambo lisilo na mvuto halihitaji kukemewa.

Mkono wa Hermann

Tuvuke sasa hadi Urusi ya karne ya 19, ambako karata zilikuwa ugonjwa wa tabaka zima na waandishi wake walizijua kwa gharama ya mifuko yao. Pushkin, ambaye madeni yake ya karata yanafahamika, alichapisha hadithi yake ya malkia wa shupaza mwaka 1834. Mchezo ni faro. Kila mchezaji ana seti yake ya karata. Huchagua moja na kuilaza kifudifudi pamoja na dau. Mshika benki hugawa seti nyingine, karata moja kuume na moja kushoto. Karata ya mchezaji ikifanana na ya kuume, benki imeshinda. Ikifanana na ya kushoto, mchezaji ameshinda.

Hermann, mhandisi kijana asiyecheza, anapewa na mzuka wa bibi kizee siri ya karata tatu: tatu, saba na ree. Usiku wa kwanza anashinda kwa tatu, wa pili kwa saba. Usiku wa tatu kuume kunaanguka malkia, kushoto ree. Hermann anatangaza kwamba ree imeshinda, anafunua karata yake, nayo ni malkia wa shupaza. Wanafunzi wetu hueleza tukio hili kwa kusema mzuka ulimdanganya. Kanuni za faro zinakataa. Ree iliangukia kushoto, yaani upande wa mchezaji, kama ilivyoahidiwa. Siri ilikuwa kweli mara tatu. Kilichokosea ni vidole vya Hermann, vilivyochomoa karata ya jirani kutoka katika seti yake mwenyewe. Asiyejua kwamba kila mchezaji ana seti yake hawezi kuliona hili, na asipoliona atasoma hadithi ya mzuka mwongo badala ya hadithi ya mtu aliyesalitiwa na mkono wake.

Upo pia ushahidi wa dau. Hermann anaanza na rubo 47,000, na kila usiku anaweka dau lote pamoja na alichoshinda: 47,000, kisha 94,000, kisha 188,000. Mchezaji wa namna hii akishinda mara moja faida yake ni mara 1 ya dau la awali. Akishinda mara mbili, mara 3. Akishinda mara tatu, mara 7. Moja, tatu, saba. Ree ni moja. Hatudai kwamba hiyo ndiyo maana ya siri. Tunasema tu kwamba namba alizozichagua Pushkin zimo katika mdomo wa kila mtu aliyewahi kurudufisha dau, na kwamba mwandishi asiyejua mchezo angechagua namba nyingine yoyote.

Bibi na sifuri

Dostoevsky ni kesi ngumu zaidi, na ndiyo inayotufaa zaidi. Riwaya yake ya mcheza kamari iliandikwa Oktoba 1866 kwa siku 26, akiisema kwa mdomo huku Anna Snitkina, ambaye mwaka uliofuata angekuwa mkewe, akiinukuu kwa hati ya mkato. Alikuwa amefungwa na mkataba wa mchapishaji Stellovsky: asipotoa riwaya mpya kufikia Novemba 1, mchapishaji angepata haki ya kuchapisha kazi zake kwa miaka tisa bila malipo. Kwa maneno mengine, riwaya ya kamari ilikuwa yenyewe dau.

Wahakiki wengi huishia kwenye wasifu huo: aliandika vizuri kwa sababu alicheza. Lakini tukitazama alichokiamini kama mchezaji, tunakuta kioja. Katika barua ya mwaka 1863 kwa ndugu wa mkewe wa kwanza, Dostoevsky anadai kwamba anaijua siri ya kushinda ruleti, nayo ni kujizuia katika kila hatua na kutopandwa na jazba. Imani hiyo ni batili. Gurudumu halijui kama mchezaji ametulia au anatetemeka. Mtu aliyeandika barua ile hakuwa mtaalamu wa kamari. Alikuwa mteja wake. Aliendelea kuwa mteja hadi mwaka 1871.

Na hata hivyo riwaya inajua kile ambacho barua haijui. Ushahidi umo katika sura za bibi, mwanamke mzee anayefika kwenye mji wa kasino akibebwa kitini huku jamaa zake wakiisubiri simu ya kifo chake. Anasikia wakitangaza sifuri na kuona pesa zote za mezani zikikombwa. Anauliza sifuri ni nini. Msimulizi, Alexei Ivanovich, anamweleza kwamba hiyo ni faida ya benki. Kwamba hutolewa mzunguko mmoja zaidi wa kuamua, lakini benki hailipi kitu. Na kwamba anayeweka dau juu ya sifuri yenyewe, ikitoka, hulipwa mara 35. Bibi anashika hapo hapo. Anataka sifuri, sifuri tu. Siku ya kwanza sifuri inamjia zaidi ya mara moja. Baadaye inammaliza.

Tufanye hesabu ambayo Dostoevsky hakuiandika ila aliiweka mezani. Gurudumu lenye sifuri moja, kama lile lililoletwa Homburg na ndugu wa ukoo wa Blanc mwaka 1843, lina nafasi 37. Anayeshinda kwa namba moja hulipwa mara 35 na kurudishiwa dau lake, yaani hupokea 36 kwa 37. Fungu la benki ni 1 katika 37, takriban asilimia 2.7, na ni lile lile kwa namba yoyote, sifuri ikiwamo. Lakini ile kanuni ya mzunguko wa pili, ambayo kwa desturi huhusu madau ya rangi, hupunguza fungu la benki kwa nyekundu na nyeusi hadi nusu yake. Kwa hiyo bibi, kwa kutaka kumpiga mwenye meza mahali pake penyewe, amechagua dau linalomlipa mwenye meza mara mbili ya lile alilolidharau. Anadhani ameingia chumbani kwa adui. Kumbe ameingia dukani kwake.

Hakuna mhusika anayeyasema haya. Wala hatuna haja ya kudhani kwamba Dostoevsky alikokotoa asilimia. Alichofanya ni kuripoti kanuni kikamilifu, pamoja na ule mzunguko wa pili ambao mwandishi mwenye haraka angeuruka, pamoja pia na ukomo wa florini 4,000 kwa dau moja ambao bibi anatajiwa. Ukomo huo nao una kazi: ndio unaoyavunja matumaini ya kila anayedhani atarudufisha dau hadi bahati igeuke. Kanuni zikiwa kamili, kejeli hujitengeneza. Mwandishi aliyedanganyika katika barua hakuweza kudanganya katika riwaya, kwa kuwa meza aliyoichora ilikuwa meza ya kweli.

Hapa tungependa kugusia kwa ufupi hadithi ya Nala katika Mahabharata, kwa sababu inamjibu Socrates bila kumjua. Nala, mfalme aliyepoteza ufalme kwa dadu, anafanya kazi ya kuendesha gari la farasi la mfalme Rituparna. Njiani Rituparna anautazama mti na kutaja idadi ya majani na matunda yake. Nala anasimamisha gari, anauangusha mti, anahesabu, anakuta ni sawa. Wanabadilishana elimu: ya farasi kwa ya dadu. Mti wenyewe ni vibhitaka, ambao kokwa zake ndizo zilizokuwa dadu za zama hizo. Mtunzi wa kale alijua kwamba elimu ya kamari ni elimu ya kuhesabu, na alijua pia kwamba mwendeshaji wa gari hana elimu hiyo hadi aipewe na mwenye nayo.

Mkeka

Tulianza na makala ya gazetini, na hapana budi kurudi huko, kwa kuwa ndiko wasomaji wengi wa Kenya wanakokutana na maandishi ya kamari. Tangu kubashiri mechi kwa simu kulipoenea katika miaka ya 2010, kumezuka tanzu mbili za nathari. Utanzu wa kwanza ni wa mawaidha: kijana, karo iliyoliwa, kamba. Huzuni iliyomo ni ya kweli na hatuibezi. Lakini ukisoma makala kumi za namna hii hutajua mchezo wenyewe ulikuwaje. Kijana angeweza kuwa amepoteza karo kwa pata potea kando ya stendi ya matatu na sentensi zisibadilike. Utanzu wa pili ni wa ubashiri: mwandishi anayejiita mtaalamu anaorodhesha mechi za Jumamosi, majeruhi, matokeo matano ya mwisho, na mwisho anatoa mkeka, yaani orodha ya mechi zilizounganishwa katika dau moja.

Huu wa pili ndio unaohitaji uhakiki, maana ndio unaodai utaalamu. Na utaalamu uliomo, tukubali, mara nyingi ni wa kweli: mwandishi anajua beki gani ana kadi, kocha gani hubadilisha mfumo ugenini. Ila huo ni utaalamu wa kandanda. Tumerudi kwa Ion: mwendeshaji wa gari anahukumu mambo ya dadu. Mkeka ni chombo chenye kanuni zake, na kanuni hizo hazimo katika makala.

Tuseme mechi moja inatoa malipo ya 2.10 kwa mwenyeji, 3.20 kwa sare na 3.40 kwa mgeni. Anayetaka kupokea shilingi 100 matokeo yawayo yote atalazimika kuweka shilingi 47.62, 31.25 na 29.41, jumla 108.28. Shilingi 8.28 hizo ni fungu la mwenye meza, nalo limewekwa kabla mpira haujapigwa. Kwa maana nyingine, kila shilingi 100 inayowekwa hurudi kwa wastani kama 92. Mechi zikiunganishwa, mafungu hayo hayajumlishwi, huzidishwa. Mkeka wa mechi tano za namna hii hurudisha kwa wastani shilingi 67 kwa 100. Wa mechi kumi, shilingi 45. Mchezaji anavutwa na malipo makubwa yanayoongezeka kila mechi anayoiongeza, na hayo ni kweli yanaongezeka. Lakini fungu la mwenye meza nalo linaongezeka, kimya kimya, kama mfuko wa mishale unaobaki na wenye kulipa.

Makala ya ubashiri isiyowahi kujumlisha malipo matatu ya mechi moja ni sawa na sherehe ya Imru' al-Qays isiyojua kwamba saba na tatu ni kumi. Na hatusemi kwamba kila makala iwe somo la hesabu. Pushkin hakufundisha hesabu. Tunasema kwamba mwandishi anayeijua ataandika tofauti hata asipoitaja. Atauliza maswali mengine anapomhoji mchezaji. Atataka kuona karatasi yenyewe, siyo machozi tu.

Lugha ya wachezaji wenyewe, ambayo wahakiki tumeiacha kwa wanaisimu, ina mengi ya kutufundisha hapa. "Pata potea" ni jina la mchezo linalobeba matokeo yote mawili bila kuficha. Mshairi angelionea wivu. Lakini dau la mechi nyingi likipotea, wachezaji husema "mkeka umechanika". Tuchunguze kitenzi. Kiambishi cha kutendeka, -ik-, kinaeleza hali ya kitu bila kumtaja mtenda. Kikombe kimevunjika, nguo imechanika. Hakuna aliyechana. Sarufi yenyewe imemwondoa mwenye meza katika sentensi. Waandishi wa makala hupokea msemo huo jinsi ulivyo na, wakihisi kwamba sentensi inahitaji mtenda, huleta mmoja wa bandia: "mechi ya mwisho iliuchana". Riwaya na hadithi fupi zetu zitakapouandika mkeka, kama zinavyopaswa kuuandika, hapo ndipo pa kutazama kwanza, kwa maana hapo ndipo msuko utakapoharibika au kufaulu. Mechi ya mwisho, ile ya saa nne usiku ambayo kila mtu kijiweni anaikumbuka pamoja na dakika ya bao, ilipoanza kuchezwa, kati ya shilingi 100 za dau palikuwa pamebaki kwa wastani shilingi 49 za kubishaniwa.